Koti la Kuelea la Mzamiaji: Tulichague kwa Akili, Si kwa Rangi

Kusi linapokwisha na upepo wa matlai kuanza kuulainisha uso wa bahari, vijana wa kisiwa cha Koyama huteremsha mashua zao na kuelekea nje ya mwamba. Koyama ni kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni, vilivyojipanga mbele ya pwani ya kusini mwa Somalia kutoka Kismayo kushuka upande wa Ras Kiamboni, na wenyeji wake ni wavuvi tangu enzi za mababu. Wabajuni ndio waliosifika kwa kumvua kasa kwa chazo, yule samaki mwenye kinyonyeo kichwani, ambaye hufungwa kamba mkiani na kuachiliwa akamgande kasa. Siku hizi windo lenye thamani zaidi ni kamba koche, na njia ya kumpata haijabadilika sana: mtu hujaza mapafu yake hewa, hupiga mbizi, hupapasa katika mapango ya mwamba, kisha hurudi juu kabla pumzi haijamwisha.

Mwaka jana nilikwenda huko kumjulia hali dada yangu aliyeolewa kisiwani. Mimi ni mtumishi wa serikali niliyesomea ualimu, ubaharia sina. Hata hivyo, jioni ile ile niliyofika, mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini mwenye mapafu ya ajabu, alinikalisha barazani akaniletea furushi.

"Mjomba," akasema, "hiki ndicho kitakachotuondolea dhiki."

Ndani ya furushi mlikuwa na koti la kuelea la mzamiaji, lililokwisha kutumika, la rangi ya samawati lenye mistari ya manjano. Alilinunua kwa mfanyabiashara mmoja kwa akiba yake ya msimu mzima, naye mfanyabiashara huyo aliahidi kumkodisha mtungi wa hewa. Nia ya kijana ilikuwa kuziacha pima tano na sita alizozizoea, na kushuka pima kumi na tano, ambako kamba ni wakubwa na hawajaguswa.

Dada yangu alikuwa akichambua mchele. Hakuuliza bei wala hakuuliza faida. Aliuliza swali moja tu: "Hili litamrudisha juu?"

Makala haya ni jibu la swali lile. Nayaandika kwa ajili ya askari na polisi ambao kazi huwapeleka chini ya maji kutafuta waliozama, kukagua gati la bandari au kuondoa nyavu zilizozonga rafadha ya chombo. Nayaandika pia kwa ajili ya wake, wazazi na watoto wao, kwa kuwa anayesubiri pwani naye ana haki ya kujua maisha ya mtu wake yamefungwa kwa kitu gani.

KOTI HILI NI KITU GANI?

Mtu anayezamia kwa mtungi hubeba mzigo mzito mgongoni, na kiunoni hujifunga vipande vya risasi, yaani yale madini mazito, ili aweze kushuka. Manahodha wetu wataelewa upesi: risasi hizo ndizo farumi ya mzamiaji. Chombo kitupu kisipotiwa farumi huyumba, na kikitiwa kupita kiasi huzama. Mzamiaji naye ni hivyo hivyo, lakini tofauti ni kwamba uzito wake majini hubadilika kadiri anavyokwenda chini na kadiri anavyovuta hewa ya mtungi.

Koti la kuelea ndilo linalosawazisha mabadiliko hayo. Ndani yake mna kifuko kisichopitisha hewa. Mpira mwembamba huleta hewa kutoka mtungini. Mzamiaji akibonyeza kitufe kimoja, hewa huingia na yeye hupata wepesi. Akibonyeza kingine, hewa hutoka na yeye huwa mzito. Akilitumia barabara, hukaa katikati ya maji bila kupanda wala kushuka, kama samaki. Akifika juu hulijaza ili limweke usoni pa maji akisubiri mashua.

Chombo cha kupumulia chini ya maji kilichoenea duniani kilifanyiwa majaribio huko Ufaransa mwaka 1943 na Jacques-Yves Cousteau pamoja na mhandisi Émile Gagnan. Wazamiaji wa mwanzo hawakuwa na koti lolote. Walitegemea hesabu ya risasi na nguvu za miguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mfaransa mwingine, Maurice Fenzy, alitoa fulana ya kuvaliwa shingoni yenye kichupa chake cha hewa, na kutokana na fikira hiyo yakazaliwa makoti tunayoyaona leo.

HEWA NDIYO INAYOBEBA

Mama nyumbani anaweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa ndoo ya maji na bilauri. Ipindueni bilauri tupu, muishindilie chini wima katika maji. Mtahisi mkono ukisukumwa juu: hiyo ni nguvu ya hewa iliyomo ndani. Sasa iinamisheni kidogo. Mapovu yatatoka, maji yataingia, na ile nguvu itapotea. Lita moja ya hewa chini ya maji hubeba takriban kilo moja ya uzito. Ikitoka, kilo hiyo hurudi kwa mwenyewe.

Afrika Mashariki ililiona jambo hili kwa machozi. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza katika Ziwa Viktoria. Kwa muda ilibaki ikielea kifudifudi, na ndani yake mlisikika watu wakigonga. Waokoaji, kwa nia njema kabisa, walitoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiibeba meli, ikatoka, nayo meli ikazama. Watu zaidi ya 800 walikufa katika ajali hiyo. Hewa ndogo ndani ya chuma kizito ilikuwa imeshika roho nyingi.

Jambo la pili ni kwamba hewa hukubali kubanwa. Kila tunaposhuka mita 10, yaani kama pima tano na nusu, mgandamizo huongezeka kwa kiasi sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa nchi kavu. Kwa hiyo lita moja ya hewa iliyofungwa usoni pa bahari huwa nusu lita kwenye mita 10, theluthi moja kwenye mita 20, na robo kwenye mita 30. Kanuni hii aliieleza Robert Boyle mwaka 1662. Maana yake kwa mzamiaji ni hii: kadiri anavyoshuka, koti lake husinyaa naye huzidi kuwa mzito, kadiri anavyopanda, hewa ile ile hutanuka naye huzidi kuwa mwepesi. Koti lisipotoa hewa upesi wakati wa kupanda, humchukua mtu kama kizibo cha chupa. Kumbukeni hili, kwa sababu ndilo litakaloamua koti lipi linunuliwe na lipi liachwe.

AINA ZA MAKOTI

Aina ya kwanza ni ile ya kuvaliwa shingoni na kufungwa kifuani, jamaa ya fulana ya Fenzy. Uzuri wake ni kwamba humgeuza mtu uso juu akifika usoni pa maji. Ubaya wake ni kwamba hubana shingo, na chini ya maji humsimamisha mtu wima badala ya kumlaza. Nyingi zilizobaki ni kuukuu; mtu asizinunue kwa kuwa ni rahisi tu.

Aina ya pili ni koti kamili, ambalo hewa yake huzunguka mbavu, mabega na mgongo. Hili humshika mzamiaji vizuri awapo juu, lina mifuko ya kutosha, na ndilo linalofaa kwa mwanafunzi. Kasoro yake ni kwamba likijazwa sana hubana kifua na kufanya pumzi kuwa fupi.

Aina ya tatu ni ile ambayo kifuko chake chote kiko mgongoni, mfano wa mabawa, na mbele hakuna kitu ila mikanda. Mzamiaji hulala vizuri majini na kifua chake huwa huru kwa kazi. Polisi au askari anayepekua sakafu ya bahari kwa mikono hulipenda. Lakini usoni pa maji huweza kumsukuma mtu mbele hadi uso ukaelekea maji, na mtu aliyechoka au aliyezimia huweza kudhurika. Anayelichagua hana budi ajifunze kujilaza chali.

Anayeanza na achague koti kamili. Aliyekwisha kufuzu na mwenye kazi maalumu na achague la mgongoni. Katika kikosi ni bora wote watumie aina moja, ili kila mtu aweze kukipata kitufe cha mwenziwe gizani bila kuuliza.

UKUBWA NA NGUVU YA KUBEBA

Wengi hudhani kwamba koti linalobeba zaidi ndilo bora zaidi. Sivyo. Koti kubwa mno hukokota majini, hewa yake hukimbia huku na huku ikimyumbisha mtu, na likijaa kwa bahati mbaya humrusha juu kwa nguvu zaidi.

Tufanye hesabu ya shule. Mtungi wa kawaida wa alumini wa lita 11, uliojazwa hadi baa 200, una hewa lita 2,200. Hewa hiyo ina uzito wa kilo mbili na nusu na ushei. Kwa hiyo mzamiaji huanza safari akiwa mzito kwa kiasi hicho kuliko atakapomaliza, na koti sharti libebe tofauti hiyo. Ongezeni kilo mbili au tatu kwa ajili ya vazi jembamba la mpira, ambalo husinyaa na kupoteza wepesi wake huko chini. Kisha iwepo akiba ya kuweka kichwa na mabega juu ya mawimbi. Katika bahari yetu ya joto, koti lenye nguvu ya kubeba kilo 12 hadi 16 humtosha mtu wa kawaida. Makoti ya kubeba kilo 20 na zaidi ni ya wale wa maji baridi, wenye mavazi mazito na mitungi miwili.

Koti lisitumiwe kuficha makosa ya risasi. Mtu aliyejifunga risasi nyingi hulazimika kujaza koti wakati wote, na hewa hiyo nyingi ndiyo itakayomsumbua wakati wa kupanda. Kipimo chake ni rahisi: mtungi ukiwa karibu na kwisha na koti likiwa tupu, mzamiaji aliyetulia, akiwa na pumzi ya kawaida, aelee maji yakimfika machoni. Akizama apunguze, akielea kifua nje aongeze.

Tena koti lichaguliwe likiwa mwilini, si mezani. Livae juu ya vazi la kuzamia, likaze, kisha lijaze hadi mwisho. Je, waweza kuvuta pumzi ndefu? Je, mtu akiushika mtungi na kuusukuma, hauhami huku wewe umebaki? Je, mkono wa kushoto hukifikia kitufe cha kutoa hewa bila kutafuta? Jibu likiwa hapana, hilo si lako, hata likiwa la bure.

KULIPIMA KABLA YA KULIPA

Nirudi Koyama. Asubuhi iliyofuata alikuja barazani mzee mmoja, nahodha wa zamani, akalishika lile koti, akalinusa, akacheka kidogo. "Mwalimu," akaniambia, "sisi chombo hatukinunui kikiwa kikavu pwani. Kitie maji kwanza, kitasema chenyewe."

Tukafanya alivyosema. Kwanza, tulilipuliza kwa mdomo hadi likakaza, tukaliacha kivulini chini ya mkwaju. Koti zima hukaa limekaza kwa saa kadhaa. Hili lilipofika adhuhuri lilikuwa limelegea.

Pili, tulilijaza tena na kulizamisha katika pipa la maji ya kisima. Mapovu membamba yalitoka mahali mpira mnene wa pumzi unapoungana na bega. Kuvuja kwa mahali kama hapo aghalabu hutengenezeka, kwa kubadilisha kipete cha mpira. Kuvuja kwenye kitambaa cha kifuko chenyewe hakuna dawa ya kuaminika.

Tatu, tulikagua vilango vya kutolea hewa, cha begani na cha chini mgongoni. Koti likijazwa kupita kiasi, kilango cha usalama hakina budi kufunguka chenyewe kabla kifuko hakijapasuka, kisha kijifunge. Kamba za kuvifungulia zivutwe mara nyingi. Zikikwama au zikiwa zimeoza, koti halifai mpaka zibadilishwe.

Nne, na hili ndilo lililotunyamazisha sote, tuliunganisha mpira na mtungi wa yule mfanyabiashara. Mpwa wangu alikibonyeza kitufe cha kuingiza hewa, kisha akakiachia. Kitufe hakikurudi. Hewa iliendelea kuingia, koti likavimba, kilango cha usalama kikaanza kupiga kelele, mpaka kijana akaukumbuka mpira na kuuchomoa. Chumvi iliyokauka ndani ilikuwa imekishika kitufe. Hapo barazani ilikuwa kelele tu. Pima kumi na tano chini, ingekuwa safari ya kwenda juu isiyo na breki.

Tano, tuliutazama mtungi wenyewe. Kila mtungi huchongwa shingoni tarehe ya mara ya mwisho kupimwa nguvu kiwandani. Huo ulikuwa umepita muda wake kwa miaka mingi, na hewa yake ilinuka moshi. Mashine ya kujazia ikivuta hewa karibu na bomba lake la moshi, hutia mtungini sumu ambayo mtu hawezi kuiona, na ambayo chini ya mgandamizo huua kwa usingizi. Hewa ya kuzamia haina harufu. Ikinuka, isitumiwe.

Wanunuzi wa vikosi nao watumie utaratibu huu huu, wala wasitosheke na stakabadhi. Kila koti lipewe namba, na tarehe ya kila ukaguzi iandikwe daftarini.

KOTI HALIZUII YOTE

Hapa ndipo penye kiini cha swali la dada yangu. Koti zima humrudisha mtu juu. Lakini kumrudisha juu si sawa na kumrudisha salama.

Anayevuta hewa ya mtungi akiwa kilindini ana hewa iliyobanwa mapafuni. Akipanda huku amezuia pumzi, hewa hiyo hutanuka na kuyapasua mapafu, na hili huweza kutokea hata katika kina kinachokaribia urefu wa mtu. Ndiyo maana amri ya kwanza ya uzamiaji ni moja: usizuie pumzi kamwe. Kijana wa Koyama amefundishwa tangu utotoni kuzuia pumzi, na kwa mbizi zake ndivyo inavyopasa. Lakini siku atakapofungua mtungi, tabia ile iliyomlinda miaka yote ndiyo itakayomuua. Hakuna koti linaloweza kumwondolea tabia. Mafunzo tu ndiyo yanayoweza.

Tena hewa tunayoivuta kwa sehemu kubwa ni nitrojeni, ambayo chini ya mgandamizo hupenya katika damu na nyama za mwili. Mtu akipanda polepole, hutoka kwa njia ya mapafu. Akipanda kwa kasi, hufanya mapovu mwilini, kama chupa ya soda inapofunguliwa. Hapo huja maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na mara nyingine kupooza miguu maisha yote. Kwa hiyo mzamiaji hupanda kwa kasi isiyozidi mita 9 au 10 kwa dakika, na husimama dakika tatu kwenye mita 5 kabla ya kumaliza. Mgonjwa wa mapovu huhitaji hewa ya oksijeni mara moja, kisha chumba maalumu cha mgandamizo. Asirudishwe majini, wala asikandwe kwa mafuta na kuambiwa alale. Kabla kikosi hakijamteremsha mtu, mkuu wake ajue chumba hicho kiko wapi, kama kinafanya kazi, na mgonjwa atafika kwa muda gani. Kisiwani Koyama, jibu lake ni safari ndefu ya mashua, na hata hiyo hungoja bahari ikubali.

Wanaozamia kwa burudani huwekewa mpaka wa mita 18 kwa mwanafunzi mpya, na mita 40 kwa aliyefunzwa zaidi. Kazi ya askari mara nyingine huvuka mipaka hiyo. Gari lililoteleza kutoka katika feri ya Likoni, Mombasa, tarehe 29 Septemba, 2019, likiwa na mama na mtoto wake, lilipatikana kwenye kina cha mita 58, nalo likatolewa tarehe 11 Oktoba. Ndugu waliokuwa wakingoja pwani waliona siku hizo ni nyingi mno. Lakini kina kama hicho, chenye giza na mkondo, hakiendewi kwa koti na ujasiri tu. Huhitaji kikosi kilichofunzwa, kamba, mawasiliano, na watu wa akiba. Kuchelewa kwa mpangilio ni bora kuliko kuongeza idadi ya wanaotafutwa.

KOTI LA MZAMIAJI SI KOTI LA MSAFIRI

Akina mama wameniuliza: kama koti hili huelea, je, mtoto avalishwe nalo mashuani? Hapana. Koti la mzamiaji halina hewa mpaka litiwe, na halikuundwa kumgeuza uso juu mtu aliyezimia.

Msafiri avae koti la kujiokolea. Makoti hayo huandikwa nguvu yake kwa nyutoni. La 50 ni la kumsaidia mtu ajuaye kuogelea, katika maji matulivu na karibu na msaada. La 100 ni la maji yaliyohifadhika, na la 150 ni la bahari ya nje. Nyutoni 10 ni sawa na kubeba kilo moja hivi. Kwa mtoto, angalieni uzito wa mwili ulioandikwa ndani ya koti, na msimnunulie kubwa kwa kusema atakua nalo. Mshikeni kwa mabega ya koti na kulivuta juu: likipanda mpaka masikioni, litamponyoka majini. Liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, na filimbi. Na koti livaliwe tangu pwani. Lililokaliwa kama mto ni sawa na lililobaki dukani.

UTUNZAJI WA NYUMBANI

Koti likirudi kutoka baharini, lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nje na ndani. Tieni maji kiasi kupitia mpira wa pumzi, litikiseni, kisha yamwagwe kwa kilango cha chini. Vitufe vibonyezwe mara nyingi ndani ya maji safi ili chumvi itoke. Halafu lipulizwe nusu na kutundikwa kivulini penye upepo. Jua kali huozesha kitambaa. Petroli na mafuta ya mashine huharibu mpira. Likae mbali na panya, na mbali na watoto wanaopenda kubonyeza kila chenye kitufe. Kazi hii ni dakika kumi, na kila mtu nyumbani aweza kuifanya. Kile kitufe cha Koyama kilikwama kwa sababu dakika kumi hizo hazikupatikana.

MWISHO WA MAMBO

Mpwa wangu alikaa kimya muda mrefu baada ya kuliona koti lake likivimba peke yake. Fedha za msimu mzima si kitu cha kucheka. Tulikwenda naye kwa yule mfanyabiashara pamoja na mzee nahodha, na baada ya maneno mengi akarudishiwa nusu. Nusu iliyobaki ndiyo ada aliyoilipa kwa kutopima.

Nilimweleza pia kwamba, hata kama koti lingekuwa zima, shauri la kuvua kamba kwa mtungi lina kasoro yake. Kamba wakubwa wa kilindini ndio wazazi wa hao wanaopatikana penye maji machache. Wakifikiwa na mitungi, mwamba utakauka. Kanuni za uvuvi za Tanzania, mathalani, zimekataza kuvua kwa vyombo vya kupumulia chini ya maji. Aliyekulia Koyama hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba mwamba ndio shamba lake.

Siku hizi anapiga mbizi kwa pumzi yake kama zamani, lakini kwa nusu ile ya fedha alinunua boya jekundu la kuonekana mbali, na ameacha kuzamia peke yake: mmoja hushuka, mwenzake hubaki juu akimhesabia. Amesema kwamba, ikipatikana nafasi, angependa kujifunza uzamiaji wa mtungi mahali penye walimu, apate kazi ya bandarini au ya uokoaji. Namtakia heri.

Dada yangu nilimjibu kabla sijaondoka. Nilimwambia kwamba koti zuri, lililopimwa na kuoshwa, humsaidia kurudi yule aliyejifunza kurudi. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi na ajifunze kwanza, koti atanunua baadaye." Sijapata kusikia shauri bora la kuchagua koti kuliko hilo.